Figo za Lukwele Zamsubiri Mgeni Rasmi

Uvumi ulimkuta Mwanvita bombani, ukamganda kama tope la masika: siku ya mashine ya kupima figo, asiye na mkojo ataandikwa "hana figo", na asiye na figo atafutwa kwenye daftari la mbolea ya ruzuku.

Angeupuuza, lakini jioni Bwana Thobias, mtendaji wa kijiji cha Lukwele, akapita na kipaza sauti.

"Tangazo! Kamati ya Uzinduzi wa Figo za Wakulima imeazimia, kwa saini ya mgeni rasmi, kwamba kila mkulima atakunywa lita moja na nusu ya maji saa mbili kamili asubuhi. Haja ndogo imesitishwa mpaka zoezi likamilike!"

Mwanvita hakuhoji. Mwanawe Hashimu, kijana mzima wa kulima karoti mteremkoni, wiki ya tatu sasa alikuwa anashika kiuno na kutafuna vidonge vya maumivu kama karanga, na juzi mkojo wake ulikuwa mwekundu. Kama mashine inataka mkojo, watauleta.

Asubuhi wakanywa. Saa nne mgeni rasmi hajafika. Saa sita, bado. Choo cha shule kilikuwa na kufuli, azimio limebandikwa mlangoni, ufunguo unaning'inia shingoni kwa Bwana Thobias. Mzee Hatibu, mwenye miaka sabini na kitu, alimwamkia mtendaji shikamoo, jambo ambalo hakumfanyia mtu tangu baba yake afariki.

"Marahaba," Bwana Thobias akaitikia. "Lakini choo hakimo kwenye ratiba."

Saa nane mgeni rasmi akawasili na chupa yake ya tatu ya maji mkononi, akapandishwa moja kwa moja meza kuu. Akahutubia saa nzima kwamba figo ni uti wa mgongo wa taifa.

Ndipo Sista Esther, mtaalamu wa mashine, akaanza kazi. Mtu wa kwanza, figo zimevimba. Wa kumi, zimevimba. Hashimu, zimevimba.

"Asilimia mia!" Bwana Thobias akapiga makofi. "Hakuna kijiji kilichowahi kufikisha!"

Kamati ikaketi palepale, ikaona chanzo ni kulima, ikapiga marufuku jembe.

"Na mwanangu?" Mwanvita akauliza.

"Yuko sawa na wenzake, mama," akajibu Bwana Thobias. "Tusilete ubaguzi."

"Sawa na wenzake wapi? Huyu anakojoa damu, hao wamebanwa tu!"

"Mama anasema kweli," Sista Esther akadakia. "Mkojo ukijaa kupita kiasi, figo zinavimba. Waende wakojoe, niwapime upya."

"Kwa idhini ya nani?" Bwana Thobias akashika ufunguo wake.

Ili kutuliza wananchi, mgeni rasmi akajilaza kitandani mwenyewe, wapiga picha wakasogea.

"Mheshimiwa," akasema Sista Esther, "zako zimevimba kuliko zote."

Kamati ikapiga yowe. Gari la mgeni rasmi likawashwa, kiti kikalazwa, dereva akaambiwa asiguse breki mpaka hospitali mjini.

"Hahitaji gari. Anahitaji choo!"

Mheshimiwa alishatimka. Mlangoni akakutana na kufuli.

"Fungua!"

"Mheshimiwa, zoezi halijakamilika. Umesaini mwenyewe."

Mgeni rasmi akaitazama kufuli, akaitazama saini yake, akaingia kwenye shamba la kabichi. Alichelewa kidogo. Hata hivyo haja ndogo ikawa imezinduliwa, na kijiji kizima kikamfuata kwa kuzingatia itifaki.

Vipimo viliporudiwa, figo zote za Lukwele zilikuwa salama isipokuwa moja, ya kushoto ya Hashimu. Jiwe.

"Anayehitaji gari ni huyu," akasema Sista Esther.

Gari bado lilikuwa linanguruma. Mwanvita akamsukumia mwanawe ndani kabla kamati haijatimiza akidi. Mgeni rasmi akateremka mlima kwa bodaboda, kiunoni amejifunga kanga ya Mwanvita.

Jiwe lilitolewa. Ripoti ya kamati bado inasema asilimia mia. Wenye watoto wanaolima, epukeni haya:

Kubana mkojo, hata akija nani.
Kulima kutwa bila kunywa maji.
Kumeza vidonge vya maumivu kila siku bila kupimwa.
Kunyamazia mkojo mwekundu.
Kumwazima kiongozi kanga. Ile haijarudi mpaka leo.