Malalamiko Kuhusu Mlima Uliotundikwa Ukumbini

Auburn, Sydney
Februari

Kwa Ndugu Vénérand,
Mwenyekiti wa Umoja wa Warundi, Merrylands.

Ndugu Mwenyekiti,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Nilikuwa na hasira, na mimi niliyefundisha sarufi katika kambi ya wakimbizi Tanzania najua kwamba mwenye hasira husahau nukta. Sasa nimetulia. Naandika kuhusu ile picha ya rangi za mafuta ambayo dada yetu Anésie aliachiwa na marehemu bibi mzee Mfaransa ambaye yeye Anésie alikuwa akimtunza, naye akaitoa kwa ukumbi wetu. Mchoraji, tunaambiwa, alikuwa Mfaransa aliyechora milima tu hadi kufa kwake. Mungu amrehemu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlima ule hauna watu. Theluji juu, misonobari katikati, ziwa chini, basi. Hakuna mgomba, hakuna ng'ombe, hakuna hata mtu wa kumsalimu mwenzake kutoka ng'ambo ya bonde. Kwetu mlima wa namna hiyo hauonyeshwi wageni. Watu huulizana wenyeji wake wamekimbilia wapi.

2. Tangu utundikwe, ukumbi umepoa. Januari hii, nje jua likilainisha lami, mama mkwe wa Kwizera aliketi chini ya theluji ile akaomba blanketi. Akapewa. Waliokuwa karibu naye wakaomba chai. Siku hizi hakuna mkutano unaoanza kabla ya chai, wala unaoendelea baada yake.

3. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Jumamosi iliyopita wazee wa kijana Moïse walikuja kumposa mjukuu wangu Iteka. Kwa desturi yetu nilimuuliza kijana anatoka kilima gani, maana Mrundi asiye na kilima ni kama barua isiyo na anwani. Moïse alizaliwa kambini akalelewa Minto, hapa hapa Sydney, ambako kilima alichokizoea ni tuta la kupunguza mwendo wa magari. Aligeuka, akaonyesha picha, akajibu kwa Kiingereza, nami natafsiri: “Kile pale, babu. Nyuma ya maji.” Badala ya kumkemea, msemaji wao Cirhuza alisimama akakisifu kilima hicho, maji yake na asali yake, mpaka wanawake wakapiga vigelegele.

4. Msemaji wetu sisi, Kwizera, niliyemtegemea, alijibu kwamba basi sisi ni majirani, kwani kilima chetu ndicho kile cha bluu kinachochungulia kwa nyuma. Ndugu Mwenyekiti, mimi sikuzaliwa kwenye kilima cha bluu.

5. Kufikia jioni mlima wote ulikuwa umegawanywa. Ndugu Owuor, Mkenya aliyealikwa kula tu, alichukua ziwa. Anésie na mama mkwe wa Kwizera hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa malisho unaopita kwenye misonobari. Nilipolalamika, Kwizera alinicheka: “Mwalimu, umechelewa kuinua mkono, viwanja vya mbele vimekwisha!” Je, tulikimbia nchi yenye ugomvi wa ardhi, tukavuka bahari, ili tuje kugombea ardhi inayoning'inia kwenye msumari?

Kwa hiyo naomba picha iondolewe, au kamati imwite mpima ardhi. Mpaka hapo, posa ya Iteka haina jibu, ingawa mtoto analia na ameacha kunipikia. Siwezi kumtoa mjukuu wangu aende kwenye kilima kisichokalika.

Nisalimie nyumbani kwako, wanakwaya, wapishi, na hata Kwizera.

Wako katika kuutetea ukweli,
Mwalimu Rénovat Niyongabo

Tanbihi: Jana nilikwenda ukumbini peke yangu, nikavaa miwani, ili ushahidi wangu uwe sahihi. Upande wa kushoto, chini ya misonobari, kuna nyumba ndogo kama punje ya mchele, na moshi unatoka. Mtu anapika. Basi lalamiko la kwanza nalifuta, na yale mengine yalikuwa yamesimama juu yake. Waambie wazee wa Moïse waje Jumamosi kuchukua jibu; ni ndiyo. Picha isiguswe. Nyumba ile nimekwisha kuweka kiti changu mbele yake, asigawiwe mtu mwingine; na kiwanja cha jirani wapewe Iteka na mumewe, ili niwasikie wakiniita kula. Kuhusu kupanda maharage au migomba kwenye theluji ile, bado natafakari. Nitakuandikia nikishaamua.