Gvozden, Mwenye Mlango Wazi

Jumapili, 10 Desemba

Jana Mwanamfalme Kivuli alifariki. Nilimbuni mwenyewe: yatima, mkimya, kofia hadi puani, hana rafiki wala haja naye. Mhusika kamili! Akatumbukia kisimani. Hakuna aliyeuliza amepotelea wapi. Tihomir, mchezaji mwenzangu, aliomba apitishiwe karanga.

Desanka, mfamasia, ndiye anayetusimulia mchezo na kuigiza maadui wote. Sisi tunarusha dadu jikoni kwake, kila mmoja na mhusika wake wa kubuni. Akatangaza kwamba Januari anakuja mchezaji mpya na viti havitoshi. Jumamosi tutapiga kura: ambaye mhusika wake hatakumbukwa na wenzake ataachia kiti. Wote wakanitazama mimi. Kwa huruma! Jumamosi bila kiti kile ni mimi, mama na televisheni.

Jumanne, 12 Desemba

Nimempeleleza mpinzani. Mhusika wa Tihomir ni mchuuzi wa mbuzi anayeogopa mbuzi. Upuuzi mtupu, na wanampenda! Nikampigia simu, nikazungukazunguka, hatimaye nikauliza siri yake. Akajibu huku anatafuna, "Radiša ndugu yangu, mpe mtu wako shida asiyoweza kuimaliza peke yake. Basi."

Anaficha kitu.

Nimeandika historia ya mhusika mpya, Gvozden, shujaa wa deraya ya chuma. Kurasa tisini, vizazi saba. Nikamsomea mama. Akasinzia tulipofika kwa babu wa tatu. Alipozinduka akauliza, "Mwanangu, mababu wote hawa, na hana hata jirani?"

Mama fasihi haijui.

Alhamisi, 14 Desemba

Nimepata! Gvozden atakuwa na sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, kama sisi na Mtakatifu Nikola wetu. Nani katika mji mzima wa Kragujevac atasusia nyumba yenye sikukuu? Wenzangu watakuja kwake, watakula, na hakuna mgeni anayeinuka kabla ya kuletewa kahawa ya kuagana. Nami sitaileta! Nitawasomea kurasa zote tisini.

Nimemdokezea Desanka. Akatabasamu. Mwanamke mwema sana.

Jumamosi, 16 Desemba

Mchezoni, meza ya Gvozden tayari: samaki, maharage ya tanuri, mshumaa umewaka. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Desanka akauliza kama mlango uko wazi. Nikasema bila shaka, nani hufunga mlango siku hiyo? Akauliza kama kuna walioalikwa. Nikamcheka. Sikukuuni haalikwi mtu, watu huja tu!

Wakaja. Mfalme wa Kinamasi, adui tuliyemsaka mwaka mzima, na mazimwi yake yote. Ana chupa ya divai na pakiti ya kahawa, kama mgeni yeyote mwenye adabu. "Heri ya sikukuu, mwenye nyumba!"

Wenzangu wakachomoa panga. Sijui nini kilinipata. Nilisimama juu ya kiti, nikapiga kelele, "Rudisheni panga! Hamwagi mtu damu ya mgeni nyumbani kwangu!" Nilikuwa namtetea yule shetani, na machozi yananilenga.

Halafu mwenye nyumba haketi. Anahudumia. Zimwi moja linataka supu, jingine linataka mkate, maharage yameisha, nami nikaanza kuomba msaada kwa wote. Tihomir akajitolea kuleta jibini ya mbuzi. Alirudi anafukuzwa na mbuzi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kulipopambazuka mchezoni, Mfalme wa Kinamasi alifuta midomo na kufanya linalompasa mgeni: akatukaribisha sikukuu yake. Ngome tuliyoshindwa kuivunja, tutaingia kwa mlango wa mbele, na chupa mkononi!

Kura: wote walimtaja Gvozden, Tihomir wa kwanza. Hatoki mtu: Desanka atamtolea mchezaji mpya stuli ya balkoni.

Kiti ni changu! Ila kurasa zangu hazikusomwa. Nilikuwa nimezikalia.

Jumapili, 17 Desemba

Nimetafakari. Kama wamempenda hivi bila kumjua, wakimjua itakuwaje? Keshokutwa ni Mtakatifu Nikola. Wote watakuja kwetu. Kahawa yote ya nyumbani nimeificha kwenye mashine ya kufulia. Hawainuki ng'o!

Jumatano, 20 Desemba

Nilisahau jambo moja. Mgeni wa sikukuu haji mikono mitupu.

Desanka alileta kahawa. Tihomir alileta kahawa. Shangazi alileta kahawa mbili. Mama aliiandaa kabla sijamaliza ukurasa wa pili, na naapa hakuwahi kuwa mwepesi vile. Tihomir aliinywa ya moto kwa mkupuo mmoja, machozi yakamtoka, akaaga.

Mlangoni Desanka alinishika bega. "Radiša, kiti ni cha Gvozden. Yule anayebeba sahani. Umenielewa?"

Nimemwelewa. Anatamani kujua zaidi juu yake. Nimeshaongeza vizazi viwili.

Leo mama amefua vitambaa vya meza. Vyote vimekuwa kahawia. Hasemi nami.

Mwakani nitaficha birika.