Safari ya Malipo

Umma wa Songea unajulishwa kwamba tangu tarehe mosi Machi mji wetu umeingia rasmi katika Enzi ya Nauli Isiyoshikika. Hela ya kushikwa, yaani noti na sarafu, haitakiwi tena ndani ya teksi. Abiria analipa kwa kadi. Anayetoa keshi ni mhujumu wa maendeleo, anayepokea ni mhujumu mwenzake, na gari la huyo wa pili litazuiliwa yadi.

Neema hii tumeletewa na Mratibu Brayson, mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Nauli Isiyoshikika, aliyehamishiwa kwetu akiwa na vyeti kumi na vinane vya semina. Vyote vimetundikwa ukutani ofisini kwake, na cha kumi na tisa kimeshapigiwa msumari.

Mimi ni katibu wa kijiwe cha teksi pale stendi. Miaka ishirini na mbili nashika usukani na sijawahi kupinga amri. Mwaka 2008 nilitii amri ya kupaka mstari wa kijani ubavuni. Mwaka 2009 nikatii amri ya kuufuta. Mwaka 2013 nikatii amri ya ndoo ya taka ndani ya gari, ndoo ambazo, kwa bahati njema, shemeji wa aliyetoa amri alikuwa anaziuza. Vitu vya namna hii vinanikaa kichwani. Wengine hukaliwa na malaria.

Mashine ya kusomea kadi ilifika moja. Sisi tuko madereva kumi na tisa. Tuliuliza kama itazunguka kwenye magari kwa zamu, Mratibu akatuonya kwamba mali ya umma haizururi. Ikafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege pale stendi, na ufunguo wa kufuli ukahifadhiwa ofisini ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kabati.

Tukaitwa kwenye mkutano wa uelimishaji. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mashine iko hapa kwenye nguzo. Nikimpeleka abiria Mjimwema, nauli atalipa vipi?"

"Unamrudisha hapa, analipa. Inaitwa safari ya malipo. Haitozwi kitu."

"Basi alipe kabla hatujaondoka."

"Huduma hailipiwi kabla haijatolewa, mzee wangu. Huo ni ubadhirifu."

"Sawa. Akishalipa hapa, kwake Mjimwema anafikaje?"

"Si kuna teksi?"

"Na hiyo teksi nayo atailipia wapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyesahau jina lake.

"Stendi. Huo ndio unaitwa mzunguko wa fedha."

Emiliani, dereva mwenzangu, akasema kutoka nyuma, "Mbona mimi nasikia kizunguzungu?"

Watu wakacheka. Mratibu akauliza jina lake, akaliandika.

Utekelezaji ukaanza vizuri sana. Mwalimu Anjelika wa Mjimwema alifikishwa kwake mara tatu siku moja, na mara tatu akarudishwa stendi kulipa. Mara ya nne alikwenda kwa miguu, kiroba cha unga kichwani, akitusi watu wasio na hatia, yaani sisi. Taarifa ya Kitengo ya wiki ile ilisema kwamba safari za teksi zimeongezeka mara tatu.

Sasa tufike kwa mhalifu.

Siku ya Alhamisi, basi la kutoka Namtumbo lilimshusha mama mmoja wa Lusewa, mkulima wa tumbaku, anaitwa Mwanaheri. Alikuwa na mumewe, mzee Sefu, anayehema kama mvukuto. Emiliani akawapakia, akawafikisha hospitali kwa dakika tisa. Mzee akaingizwa ndani kwa machela. Emiliani, raia mwema bado kwa dakika chache zilizobaki, akasema, "Mama, samahani, inabidi turudi stendi ukakate kadi, halafu ulipe kwa kadi hiyo."

"Nimwache mume wangu?"

"Mashine iko kule, mama."

"Iacheni ikae. Mimi nimeolewa na huyu, sikuolewa na mashine." Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu tano. "Shika mwanangu. Wallahi ukinifuata huko ndani nakupigia kelele za mwizi."

Emiliani akashika.

Afisa wa Kitengo alikuwa palepale, kwenye foleni ya meno, akijifanya anaumwa. Akapona ghafla. Saa ileile gari la Emiliani likavutwa hadi yadi.

Gari lile Emiliani na mkewe Ekaristia walilinunua kwa mahindi ya misimu saba. Hawana lingine. Watoto wanne wanakula humo. Hukumu ikatoka kwa maandishi: ndani ya siku kumi na nne alete uthibitisho kwamba safari ile imelipwa kwa kadi, la sivyo gari linadiwe. Na uthibitisho utapatikana iwapo abiria atarudishwa stendi, kufanya safari ya malipo, "kwa chombo kilekile alichopanda awali."

Tukaenda ofisini, mimi na Emiliani.

"Mheshimiwa," nikasema, "tupe gari nusu saa tu, tukamchukue mama hospitali aje alipe."

"Gari haliwezi kutoka bila uthibitisho."

"Na uthibitisho hauwezi kupatikana bila gari."

"Vizuri. Kumbe utaratibu mmeuelewa."

Tulipotoka Emiliani alikaa kwenye ngazi za ofisi, kofia magotini, mpaka mfagizi akamwomba asogee.

Siku ya kumi na nne ikafika. Mnada saa sita mchana. Emiliani na Ekaristia walikuwa yadi tangu asubuhi, wakiliangalia gari kupitia nondo za geti kama watu waliokwenda kumwona mfungwa.

Saa tano kasoro robo, Mratibu Brayson akatokea stendi mbio, suti mpya, begi mkononi. Alikuwa na ndege ya saa tano na nusu, aende Dodoma kupokea cheti cha kumi na tisa na kusoma hotuba. Gari la Kitengo lilikuwa limekwenda Madaba, kuhamasisha kadi katika vijiji ambavyo havijawahi kuona teksi.

Zamu ilikuwa yangu.

"Uwanja wa ndege, mzee. Haraka!"

Nikaondoa gari. Yeye akakaa nyuma anasoma hotuba yake kwa sauti. Ukurasa wa mwisho aliurudia mara mbili: "Leo hii, Songea nzima, hakuna mtu hata mmoja anayelipa nauli kwa fedha taslimu!" Nikapunguza mwendo kidogo, apate nafasi ya makofi.

Tukafika Ruhuwiko, uwanjani. Akasukuma mlango. Mlango wa nyuma wa gari langu hufunguka kwa nje tu, tangu 2016.

"Fungua basi, mzee."

"Tumefika salama, mheshimiwa," nikasema, nikageuza gari. "Sasa tunarudi kulipa."

"Kulipa wapi? Ndege ile pale!"

"Naiona. Lakini mashine iko stendi."

"Acha mzaha, mzee! Shika hii." Akainama, akatoa noti ya elfu kumi ndani ya soksi.

Nikafunga breki. "Mheshimiwa! Na wewe ni mhujumu?"

"Nakuruhusu! Mimi ndiye Mratibu, nakuruhusu!"

"Kwa mdomo? Mwaka 2008 tuliruhusiwa kwa mdomo kuchelewesha mstari wa kijani, tukapigwa faini kwa maandishi. Mimi naogopa yadi, mheshimiwa. Mwenzangu Emiliani yuko huko."

"Nikuandikie nini? Sema!"

Hakuwa na karatasi nyingine. Akageuza ukurasa wa mwisho wa hotuba, akauweka juu ya begi, nami nikamtajia polepole, maana mambo ya serikali hayataki pupa: "Mimi, Mratibu, leo nimelipa nauli kwa fedha taslimu kwa sababu nilikuwa na haraka. Dereva yeyote aliyepokea fedha taslimu kwa abiria mwenye haraka, tangu tarehe mosi Machi, hana kosa. Gari lake liachiwe leo."

Kwenye neno "tangu" kalamu ikasimama.

"Tangu ya nini, mzee?"

"Wanaondoa ngazi, mheshimiwa."

Akatia sahihi. Nikashuka, nikamfungulia mlango kwa heshima zote, nikamkabidhi chenji yake. Akakimbia, tai imeruka begani, hotuba mkononi ikiwa imepungua ukurasa mmoja, ule wa makofi.

Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa yadi. Mnadishaji alikuwa ameshapanda juu ya pipa la mafuta. Ekaristia alikuwa amelishika geti kwa mikono miwili na watu walikuwa wanamwomba aachie.

Nikampa karatasi Beda, mlinzi. Akaisoma kwa sauti: "Songea nzima hakuna mtu hata mmoja anayelipa nauli kwa fedha taslimu." Akanitazama. "Mzee, kwa karatasi hii Emiliani hajazaliwa."

"Geuza."

Akageuza. Akasoma midomo ikicheza, akafika kwenye sahihi. Anaijua, barua zake tatu za onyo zina sahihi hiyohiyo. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kufuli, halafu akasita, akaigeuza tena karatasi huku na huku.

"Sasa mzee, nielekeze. Upande upi ndio serikali?"

"Ule alioandika akiwa anachelewa."

Beda akafungua geti.