Kufuli Lenye Dhamana

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimepata cheo! Bado hakijathibitishwa, lakini kichwani kimeshaingia.

Tulikwenda kwa wakili wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Shemeji alikuwa mtunza stoo wa kituo cha ushonaji. Vyerehani vinne vikatoweka. Kufuli halikuvunjwa, na mwenye ufunguo alikuwa yeye peke yake. Mahakama ya chini ikamtia hatiani, miaka mitatu. Rufaa inasikilizwa wiki ijayo. Mke wangu hali, halali.

Wakili akasema anatamani apatikane rafiki wa mahakama. Nikamwambia mimi ni rafiki wa kila mtu. Akacheka. Kumbe si urafiki wa kunywa chai pamoja! Ni mtu mwenye ujuzi, asiye na upande, anayemwandikia jaji maoni ili haki isiende kombo. Kwa mfano fundi wa kumweleza jaji kama kufuli laweza kufunguka bila ufunguo na bila kuvunjwa.

Fundi kufuli mjini hapa ni nani kama si mimi? (Yupo pia Injinia, ng'ambo ya barabara. Simhesabu.) Wakili akasema mimi nisijisumbue, kwa kuwa ni ndugu. Watu wa sheria hukata tamaa mapema.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Maoni yamekamilika. Kurasa kumi na nne! Wa kwanza ni wa kumsifu jaji. Maoni yametoka kwa Umoja wa Mafundi Kufuli, ulioanzishwa leo saa nne asubuhi. Mwenyekiti, mimi. Katibu, mimi. Nilimwomba mke wangu awe mjumbe, akasema ana nguo za kufua.

Hoja yangu haina mpinzani. Makufuli ya njano, kama lile la kituo, hufunguka kwa kipande cha kopo la soda. Nimejaribu dukani. Sekunde tisa.

Kuna kajambo kadogo. Kufuli la kituo niliwauzia mimi. Na bango langu linasema MAKUFULI YENYE DHAMANA YA MAISHA. Nimeona hayo yasiingie kwenye maoni. Jaji ana mengi ya kusoma.

Mke wangu kasema kufuli langu lina dhamana, ila kaka yake kanyimwa dhamana. Nikacheka. Mwenzangu hakucheka.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimepeleka maoni mahakamani. Karani akanipa fomu. Fomu yenyewe inauliza mambo ya ndani! Uhusiano wako na mrufani? Nikajaza: tunafahamiana kwa sura. Si uongo. Sura yake naijua vizuri sana.

Injinia aliniona nimevaa tai, akauliza nani kafariki. Nikamjibu ni kazi za kitaifa. Akaingia dukani kwake akicheka peke yake. Wivu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Siku ya mazoezi ya kutokuwa na upande. Nimeamuru kwamba nyumbani shemeji aitwe mrufani. Mke wangu akauliza mrufani ndiye nani. Nikamwambia ni kaka yake. Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Balaa!

Kwenye ujia wa mahakama nikakutana na shemeji, katikati ya askari wawili. Amekonda, ukosi wa shati umebaki na nafasi ya shingo ya pili. Akatabasamu. Nikatazama dari. Akaita shemeji. Nikaendelea na dari. Akaita tena, shemeji wangu jamani, mpaka mawakili wakageuka. Dari ile ina nyufa saba.

Ndani, jaji akasoma fomu yangu kwa sauti. Tunafahamiana kwa sura. Akauliza mama aliyekaa ubavuni mwangu ni nani. Kabla sijafungua kinywa, mke wangu akasimama. Mheshimiwa, huyu ni mume wangu, na yule ni kaka yangu, tumbo moja.

Jaji akavua miwani. Akasema rafiki wa mahakama hawezi kuwa shemeji wa mrufani. Maoni yangu yawekwe pembeni. Ila swali la kufuli ni la msingi. Je, mjini yupo fundi mwingine, asiye na udugu na mtu yeyote hapa?

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Injinia anajua fika nani aliuza kufuli lile.

Shemeji alikuwa ananitazama. Macho yale yale ya siku aliponiombea kwa baba yao nimuoe dada yake, wakati ukoo mzima umekataa. Roho iliniuma, sifichi. Nikasema yupo Injinia, ng'ambo ya barabara. Ni fundi mzuri. Maneno mawili ya mwisho niliyasema nikitazama sakafu.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Injinia kaja na tai pana kuliko yangu. Akafungua kufuli kwa kipande cha kopo. Sekunde saba! Jaji akauliza makufuli haya yanauzwa wapi. Injinia akaninyooshea mkono mzima. Kidole kimoja hakikumtosha.

Jaji akaamua papo hapo. Kufuli kutovunjwa hakuthibitishi kwamba aliyefungua ni mwenye ufunguo, hasa kufuli kama hili. Shemeji huru!

Mke wangu alilia, nami nikalia, nikajikuta nimempa Injinia mkono. Shemeji akanikumbatia, akauliza kama macho yangu yamepona.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Asubuhi nimekuta foleni mlangoni mwa duka. Nikadhani ni umaarufu, nikanyoosha tai. Kila mmoja alikuwa na kufuli la njano mkononi. Mzee mmoja akalionyesha bango, akauliza dhamana ya maisha, maisha ya nani? Shemeji anayapokea na kuyaandika daftarini. Amefika la thelathini na moja. Anasema kazi ya stoo ni hii hii. Mke wangu anawamiminia watu chai, anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mwaka jana.

Saa sita tarishi kaniletea wito. Kituo cha ushonaji kinanishtaki kwa sababu ya kufuli. Wakili kaniambia nikiri tu, niombe radhi. Anakata tamaa mapema, nilishasema.

Nimefikiri. Kesi ni ya makufuli ya njano. Nani anayajua kuliko mimi? Hakuna. Na safari hii hakuna shemeji katika kesi, basi udugu utoke wapi?

Nimeshafika ukurasa wa tisa wa maoni mapya ya rafiki wa mahakama. Fomu nayo nimejaza. Uhusiano wako na mdaiwa: tunafahamiana kwa sura, huwa namwona kwenye kioo.