Vumbi la Kitui kwa Chinchila wa Everlyn

Jumatatu, 3 Februari
Nashon amemwogesha tena. Everlyn wa ghorofa ya juu anafuga chinchila, kinyama cha kijivu chenye manyoya laini ajabu, jina lake Waziri. Haogi kwa maji. Huwekewa bakuli la vumbi laini kama majivu, akagaagaa humo, akatoka anang'aa. Nashon, fundi wa simu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye mshika bakuli. Everlyn anacheka. Nimekisikiliza kicheko hicho kupitia dari mpaka chai ikapoa. Mimi nikimchekesha, huniuliza kama nimeona gari la takataka.

Jumanne, 4 Februari
Habari kubwa. Everlyn anaenda kwao Bungoma mwisho wa mwezi, harusi ya dada yake. Ataacha ufunguo wa nyumba kwa mtu wa kumtunza Waziri. Ufunguo! Mwanamke haachi ufunguo kwa mtu asiye moyoni mwake. Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa vumbi. Akasita, akasema haya, nijaribu Jumamosi akiwa mazoezi ya kwaya, ndipo ataamua. Akanionya nisimkaribie Waziri na maji, na jambo la pili. La pili lilinipita. Nilikuwa nikitazama macho yake.

Alhamisi, 6 Februari
Vumbi la Nashon ni la kopo, la dukani mjini. Aibu! Sisi wa Kitui tumelelewa na vumbi. Mtu wa ziwani kama Nashon ataniambia nini kuhusu vumbi? Nimempigia mama aniwekee mfuko kwenye basi. Aliuliza mara mbili kama nimeanza kwenda kwa waganga. Nikakana. Akasema ataniombea hata hivyo.

Ijumaa, 7 Februari
Mfuko umefika, pamoja na mbaazi. Nimechekecha vumbi mara tatu kwa chujio la chai. Laini kabisa. Jekundu kidogo, lakini rangi ina shida gani?

Jumamosi, 8 Februari
Rangi ina shida.

Waziri aligaagaa kwa furaha, akatoka mwekundu kama tofali. Nikampangusa. Wekundu ukazama ndani zaidi. Akakimbilia chini ya kochi, nikamkamata ubavuni kwa nguvu zote, akachomoka. Nikabaki na konzi ya manyoya. Yeye akabaki na kipara cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Nilipiga kelele, Nashon akaja. Hakumfukuza. Aliketi sakafuni kimya mpaka Waziri akatoka mwenyewe, akampa vumbi la kopo, akamchana taratibu kwa kitana. Wekundu mwingi ukatoka. Kipara kikabaki. Akaniambia, “Buda, ukimshika hivyo anaachilia manyoya ndio atoroke. Everlyn si alikushow? Pole.” Ile pole iliniuma kuliko tusi.

Everlyn akarudi. Nikaeleza kwamba ni msimu, wanyama wengi hunyonyoka Februari. Nashon akaendelea kumchana Waziri, hakunichongea. Nilimchukia kwa uungwana huo. Everlyn akatazama viganja vyangu vyekundu, akatazama manyoya yaliyochungulia mfukoni mwa shati langu, akafungua mlango. Sikuhitaji kuambiwa upande wa kwenda.

Jumapili, 9 Februari
Nashon amepewa ufunguo. Nje ya kanisa, mbele ya watu, nami nimesimama pale na Biblia. Nimerudi nyumbani na wivu wangu. Hata mbaazi hazikupita.

Jumanne, 11 Februari
Nimetulia. Nimewaza kwa kina. Kosa langu limeonekana: nilishindana na mtu asiyefaa. Leo Everlyn amempeleka Waziri kwa daktari wa mifugo kule Loresho, mmoja anaitwa Maxwell. Amerudi akimsifu kwenye ngazi: mrefu, mpole, ana mikono laini. Manyoya yataota tena, daktari amesema. Wiki ijayo anarudi kwake. Jumanne. Amepaka rangi ya mdomo kwenda kwa daktari wa wanyama!

Lazima nimwone huyo Maxwell kwa macho yangu, Jumanne hiyohiyo. Mtu haendi hapo mikono mitupu. Mama Mukonyo, mwenye nyumba wetu, ana paka mweupe, mnene, mwenye afya tele. Sasa hivi yuko hapa kwangu anakunywa maziwa. Nimeazima mashine ya kunyolea. Nitamtoa kipara kidogo tu cha mgongoni, apate sababu ya kumwona daktari.