Presha ya Shangazi Mize

Jumamosi, 8 Novemba
Dhuluma! Jumatatu mtihani wa vitendo: kupima presha ya mtu hai mbele ya Mwalimu Bakar. Atakayefeli haendi wodini na wenzake, anabaki chuoni na mdoli wa mazoezi. Mdoli nampenda, hanitazami. Lakini mama keshatangaza Kikwajuni nzima kwamba Haroub anaingia hospitali!

Nakiri humu tu: nikitazamwa sisikii kitu. Navaa vidude vya masikioni, nasikia moyo wangu mwenyewe. Ulfat wa darasani kaniuliza, mbele ya watu, kama napima au nasoma dua. Mtihani wa kuandika, wa Kiingereza, nilimshinda! Hilo halisemi.

Jumapili, 9 Novemba
Nimepata! Kila mtu anakwenda na mtu wake wa kupimwa. Wangu Shangazi Mize. Nimempimia sebuleni, nikamwomba afumbe macho. Akafumba, akauliza nesi gani huyu, au nataka kumwibia bangili. 120 kwa 80. Nikarudia, ile ile. Basi kesho najaza upepo, nalegeza, naandika. Kusikia kwa nini?

Jumatatu, 10 Novemba
Balaa! Ulfat kaja na bibi yake, Bi Riyama, kapitishwa mbele yetu eti mtu mzima. Shangazi akauliza, kwani yeye mtoto wa chekechea? Bi Riyama akajibu kuwa utu uzima ni adabu, si makunyanzi. Toba! Shangazi akawaka, akafukua mpaka sahani ya biriani aliyonyimwa kwenye harusi ya kina Bi Riyama. Mimi namvuta buibui, natamani ardhi inimeze.

Tukaitwa. Nikafunga mkanda, nikajaza, nikalegeza, nikatikisa kichwa kama bingwa. Nikaandika 120 kwa 80. Mwalimu akamwona Shangazi bado anahema, akampima mwenyewe. 170 kwa 100! Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema, vizuri tu. Nimefeli.

Shangazi naye kanigeukia: kumbe wataka nife na hesabu nzuri!

Jumanne, 11 Novemba
Wenzangu washaingia wodini. Ulfat katuma picha, kavaa sare, kacheka meno yote. Presha ya Shangazi imeshashuka, yangu bado.

Mwalimu kanipa nafasi nyingine Alhamisi, ila nijizoeze kusikiliza. Kusikiliza! Masikio yangu yana kosa gani? Kosa la Shangazi, mtu wa hasira hafai kwa mtihani. Nakwenda na Ami Msabah. Yule hata nyumba ikiungua atauliza chai iko wapi. Nshampima akiwa usingizini: 110 kwa 70. Nshaijaza kabisa kwenye karatasi ya Alhamisi.