Mabuti ya Hillevi Nyuma ya Kamba

Kwa Mkurugenzi,
Nyumba ya Kumbukumbu ya Mwandishi Edla Brunnmark,
Almevik.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MABUTI YA MPIRA YA MJUKUU WANGU, RANGI YA NJANO, AMBAYO OFISI YAKO INAYAITA URITHI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa, na umevaa viatu vyako mwenyewe. Mimi si mtu wa kulalamika. Majirani wanaosema vinginevyo wameshahama.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi huu wa Novemba nilimleta kwako mjukuu wangu Hillevi, mwenye umri wa miaka mitano. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi kwenye feri za kwenda Finland, kwa hiyo mtoto anakaa kwangu, na kila jioni namsomea visa vya Edla vya yule kalunguyeye asiyetaka kuoga. Jalada la kitabu limeshabanduka kwa kusomwa. Tulikuja kwako kwa mapenzi, tukaondoka mmoja wetu akiwa na soksi tu. Naomba nieleze kwa namba, usije ukapotea njiani.

1. Kibao chako cha mlangoni. Kimeandikwa "Karibu nyumbani kwa Edla". Hakikuandikwa makumbusho, kimeandikwa nyumbani. Mheshimiwa, katika nchi hii mtu akiingia nyumbani kwa mwenzake anavua viatu. Daktari anavua, fundi wa bomba anavua, na aliyekuja kutangaza msiba anavua kwanza ndipo anatangaza. Mimi nilikuwa dirishani nakata tiketi na kuvalishwa ile mifuko ya plastiki ya buluu juu ya viatu. Hillevi, ambaye nimemlea mimi na akaleleka, alivua mabuti yake, akayapanga kwenye kichanja kilichopo mlangoni, kando ya viatu vyeusi vya marehemu Edla. Najua palikuwa na kamba ya kuzuia wageni. Kamba yenu imefungwa usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitano hiyo si kamba, ni mlango ulioachwa wazi.

2. Wanakwaya. Nyuma yetu liliingia basi zima la wastaafu wa kwaya ya kanisa. Walipoona mabuti ya mtoto yamevuliwa pale, nani angethubutu kupita na tope la Novemba? Walivua wote. Wakati wa kutoka palitokea vurugu ya adabu, kila mtu akimwambia mwenzake achague kwanza. Mzee mmoja aliondoka na viatu viwili vya mguu wa kushoto akisema havibani. Hili halinihusu, lakini nimeliweka ili ujue kwamba nina mashahidi.

3. Kijana wenu Malte, anayetembeza wageni. Nikiwa nimesimama pale pale, nikisikia kwa masikio yangu haya, aliwaonyesha wanakwaya mabuti ya Hillevi, akawaambia ni ya watoto wa jirani waliokuwa wakija jioni kusikiliza hadithi za Edla, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomboleza. Mama mmoja wa sauti ya pili alilia. Mabuti hayo niliyanunua mwezi uliopita, na karatasi ya duka bado imebandikwa chini ya soli. Nilinyoosha mkono. Akaniambia, "Bibi, maswali tutayachukua mwishoni." Mwishoni kahawa ilikuwa imeiva, na unatujua tulivyo kahawa ikiiva. Aidha, sikumruhusu kuniita bibi. Mwenye haki hiyo ni mmoja tu.

4. Kukataliwa. Tulipotaka kuondoka, Hillevi aliinama kuchukua mabuti yake, Malte akaruka. "Hapana, mpenzi, hapo hapaguswi." Nikamweleza. Akanisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Bibi, nakuamini kabisa. Lakini kilichoingia ndani ya kamba kinatolewa na bodi, na bodi inakaa majira ya kuchipua. Ile miwani pale juu ya meza ya Edla ni yangu. Ilinidondoka mwaka juzi nikipangusa vumbi." Nikatazama. Kweli palikuwa na miwani, na kando yake kikadi kinachosema ni ya Edla. Nilimbeba mtoto mgongoni hadi kituo cha basi, miguu yake ikiwa kwenye mifuko yenu ya buluu, mvua ikitunyeshea sote wawili bila ubaguzi.

5. Hapa ndipo penye uzito, na hayo mengine yalikuwa salamu tu.

Hillevi amekata shauri kwamba haishi kwangu tena. Hajagombana na mtu. Alinieleza vizuri tu, akila uji: "Mtu anaishi viatu vyake vilipo, bibi. Vyangu viko kwa Edla. Hapa nimekuja kutembea." Nilimnunulia mabuti mengine. Akashukuru, akasema ni mazuri sana, akaniuliza ni ya nani.

Tangu siku hiyo amekuwa mgeni. Anapiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwake. Anaomba ruhusa ya kufungua friji. Akimaliza kula anasema chakula kilikuwa kitamu na nisijisumbue hivyo tena. Siku za kwanza, sitaficha, nilifurahia. Mtoto gani wa miaka mitano anakunja blanketi bila kuambiwa? Kisha Jumapili, saa ya kulala, akakaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, akaniuliza nitamrudisha kwao saa ngapi. Mheshimiwa, lilinichoma. Mtoto huyu aliingia mlango huu akiwa na umri wa siku chache, amefungwa shali yangu mimi. Niliingia jikoni, nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

6. Edla mwenyewe. Viatu vyake vipo mlangoni, kwa hiyo kwa hesabu ya mtoto yeye yumo ndani. Jumamosi ile ile Hillevi aligonga mlango wa chumba cha kulala cha Edla. Malte akamwambia, "Hayupo, mpenzi." Hillevi akamwuliza, "Ametoka bila viatu, na mvua hii?" Malte akanitazama mimi, mimi nikatazama dirisha. Ama ondoeni viatu hivyo, ama semeni wazi kwamba yumo.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya haya. Rudisha mabuti bila kungoja bodi. Kama haiwezekani, basi ofisi yako ikubali kwamba ina mkazi, na itimize wajibu wa mlezi. Hillevi anaamka mapema na hapendi uji wenye madonge. Peremende ni Jumamosi peke yake, hata akilia. Kuna mkutano wa wazazi shuleni kwake, na wewe ndiwe utakayekwenda, ukae kwenye kile kiti kidogo. Desemba kuna maandamano ya watoto wenye mishumaa, gauni jeupe lishonwe mapema, refu, maana anakua. Usiku akiota vibaya anataka mtu wa kumshika sikio. Sikio la kulia. Bodi ipange zamu.

Nisalimie yule mama anayewauzia wageni wenu kahawa na mikate ya mdalasini, wasafishaji, wanakwaya wakirudi kudai viatu vyao, na hata Malte, lakini yeye kidogo tu.

Ni mimi, ambaye subira yake mmeshaila nusu,

Ragnhild Östbom
Bibi ya Hillevi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha posta ilipoleta kifurushi. Ni mabuti, yamesafishwa tope, na kikaratasi cha Malte kinachosema aliruka kamba ulipokwenda kula, na kwamba nisimtaje. Nimeshamtaja, lakini msamehe.

Nikamwambia Hillevi ayavae. Akayashika, hakuyavaa. Akasema sasa mlangoni kwa Edla vimebaki viatu vya mtu mmoja. Nikamkalisha mezani, nikamweleza kwa utaratibu kwamba Edla alishafariki, zamani, mama yake Hillevi akiwa bado mdogo. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Najua, bibi. Lakini pale mlangoni pamekuwa tupu."

Kwa hiyo mabuti yanarudi, yamo humu kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Yaweke palepale. Humo pia utakuta viatu vyangu vya kahawia, ambavyo naomba viwekwe kando yake, upande wa kulia. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuishi kwa watu bila bibi yake. Hillevi amelikubali hilo. Kwa hiyo sote wawili sasa tunaishi kwako, na huku tumekuja kutembea tu. Jana usiku, kwa kuwa yeye ni mgeni wa siku nyingi kuliko mimi, alinionyesha chumba nitakacholala, akaniambia nami nijisikie nyumbani.